Chungu Kichwani Mbele ya Wakwe

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika mchana, jua linawaka, mbele ya ukoo mzima wa mke wangu pamoja na kuku wao. Nawaambia mwenyewe kabla Asani hajaanza kuisambaza kwa namna yake, maana Asani alikuwa anaoga pale kivukoni nilipotua, akaniona jinsi nilivyo, na tangu hapo hajafunga mdomo. Basi kaeni. Wewe uliyeshika tumbo tayari, sogea kule mwisho wa mkeka.

Mnanijua. Mimi Bakari, fundi wa kushona kanzu hapa Kindu. Baba yangu alikuja na msafara kutoka pwani, akaniachia sindano na subana hii ya chuma iliyo kidoleni, ambayo siivui hata nikila. Nusu ya kanzu zinazoingia msikitini siku ya Ijumaa zimepita mikononi mwangu (nusu nyingine ni zile zinazopasuka kwapani). Na mnajua kwamba mke wangu Feza alikwenda kwao kujifungua, kwa sababu kwa Wagenya, watu wake wa mtoni, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Akajifungua mtoto wa kike. Arobaini ikaisha. Kiangazi nacho kikaisha. Mimi nimebaki hapa nakula wali wa kujipikia, upande mmoja mbichi na upande mmoja umeungua. Jirani yangu Ramazani aliuonja mara moja akasema hana njaa.

Mtoto mwenyewe nilikuwa sijamshika bado. Nilimwona mara moja kwa mbali, amefunikwa, kama mtu anavyoonyeshwa mzigo ambao si wake.

Juzi baba mkwe, Mzee Kasimbi, akaniletea neno: njoo siku ile tunaonyesha kazi za wazee, utachukua mke wako na mtoto, mrudi kwenu kabla ya mvua. Nilifurahi mpaka nikashona mkono wa kanzu ya mteja mahali pa shingo. Lakini kulikuwa na sharti, na sharti lenyewe ni la siku zote. Kule, mkwe mwanaume na mama mkwe hawaonani uso. Hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Wakionana, aibu imeshaingia kati yao, na aibu hiyo haipoi haraka: mke na mtoto wanabaki kwa bibi mpaka kiangazi kingine. (Najua, najua. Mwalimu wetu anasema mama mkwe ni mama. Nendeni mkamweleze Mzee Kasimbi, nami nitawasindikiza mpaka mlangoni.)

Kwa hiyo mama mkwe simjui sura. Namjua sauti tu, na sauti yenyewe inatosha. Nikajiambia leo kazi yangu ni moja, kutomwona mtu. Kazi gani rahisi kama hiyo?

Niwaeleze kwanza siku yenyewe, maana ndiyo iliyonitia matatani. Mzee Kasimbi aliona vijana wake wameanza kuvaa merikani, pamba inayoletwa na misafara, wanakula kwenye bakuli za pwani, wanafunga mizigo kwa kamba za watu. Akasema siku moja wataamka hawajui kufuma hata mtego wa samaki. Akaweka desturi. Kila mwisho wa kiangazi, kwa siku moja, kijiji kizima kinarudi nyuma kilivyokuwa zamani. Huku wanafuma, huku wanafinyanga, kule wanachonga. Watu wa vijiji vya jirani wanakuja kutazama, na anayetaka kujifunza anapewa kazi mkononi. Nguo ya pamba haipiti lango la kijiji, hata ya mkwe.

Mimi nilikwenda na kanzu. Si kanzu tu, jamani. Ile nyeupe, yenye hariri shingoni, niliyokuwa nawaambia kila siku kwamba ni ya mteja. Haikuwa ya mteja. Niliishona kwa ajili ya leo, ili wakwe waone binti yao kaolewa na nani.

Langoni nilimkuta shemeji yangu Sifa, mdogo wake Feza.

"Ile nguo iache hapa, shemeji."

"Hii? Shemeji, hii si ya kuacha hivi hivi. Angalia hapa shingoni..."

"Njo pamba?" (Kwao 'njo' ni 'ndiyo' yetu.)

"Pamba, ndiyo, lakini..."

"Basi iko ya kuacha."

Akaitundika kwenye tawi la mti, kati ya vitambaa vilivyochanika vya watu nisiowajua. Akanipa nguo ya mwale, ule mti wa bondeni ambao majani yake wanayachana kuwa nyuzi. Inawasha. Ina rangi ya nyasi kavu. Niligeuza mbele, nikageuza nyuma, nikatafuta mshono nikakosa.

"Nani ameshona hii?"

"Hakuna muntu ameshona. Tunafuma. Leta tumbo hapa."

Akanifunga kwa kamba kiunoni jinsi wanavyofunga mbuzi wa kupelekwa mbali. Nikasema kwa sauti ya chini, ila si ya chini sana, kwamba nguo isiyo na mshono haitafika adhuhuri. Sifa akakaza kamba. Subana hakuigusa, maana si pamba.

Kisha akanieleza mpango. Mama mkwe ndiye mkubwa wa wafinyanzi, kwa hiyo leo atakuwa juu, uwanja wa vyungu. Mimi nitakuwa chini, mtoni, pamoja na wachonga mtumbwi. Katikati kuna mteremko. Na yeye Sifa kazi yake ni kutembea mbele ya mama siku nzima, na akiona mama anakuja upande wangu apige kelele.

"Nitasema 'Geuka!' Nawe unageuka. Hivyo tu."

"Hivyo tu?"

"Hata mbuzi angeweza, shemeji."

Nikiteremka nilimwona Feza, amekaa chini ya upenu wa nyumba ya baba yake. Furushi lake limeshafungwa, liko mlangoni. Akainua kamkono ka mtoto, akakapunga kwangu. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau anakokwenda. Nikasema moyoni, Bakari, leo usifanye ujinga wowote. Nikaendelea kuteremka nikiangalia vidole vyangu vya miguu, nisije nikaona mtu.

Mtoni nilianzia kwa wafumaji wa mitego. Mzee mmoja akanipa fito, akanionyesha, akasema ni kama kushona tu. Si kama kushona hata kidogo. Nilipomaliza safu ya kwanza mkono wangu ulikuwa umebaki ndani ya mtego, na ule mtego, kwa sifa ya mzee yule, unashika kweli. Walinitoa kwa kunikatia fito. Mzee akasema niende nikasaidie mtumbwi.

Mtumbwi ulikuwa umelala mchangani, mti mzima, mkubwa, umeshachongwa, bado kumalizia tu. Fundi wake ni Ngongo, kaka yake Feza. Ngongo ni mtu wa mabega. Aliponiona akacheka kwa furaha kabisa.

"Shemeji! Wewe njo fundi. Shika tezo."

Nikashika. Nikapiga. Kibanzi kikaruka kikubwa kuliko tulivyokubaliana. Ngongo akaninyang'anya tezo taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Shemeji, hii haiko kitambaa. Ukitoboa huku, hatuna kiraka."

Wakawasha nyasi ndani ya mtumbwi ili mbao ikauke na kukaza, mimi nikapewa gamba la chaza nikwangue masizi. Kazi hiyo niliiweza. Niliinama ubavuni, nikakwangua, na masizi yote yaliyotoka kwenye mtumbwi yalihamia kwangu. Yaliingia mpaka masikioni. Nilitaka niingie ndani nikwangue vizuri, Ngongo akanishika mguu.

"Hapana! Usiingie. Muntu wa kwanza kukaa mule njo mwenyewe wa mutumbwi. Inakuwaka vile tangu wazee."

Sikuuliza mwenyewe ni nani. Nilikuwa nakohoa. Kisha wakatandika jamvi jipya ndani, la kukalia huyo mwenyewe, na Ngongo akasema wanakwenda juu kuita watu wa kuvuta. Akaniachia ulinzi. "Uangalie mutumbwi, shemeji." Nikabaki peke yangu mchangani, nimejaa masizi, nimejaa heshima, nalinda mti.

Ngoma zikaanza juu. Nyimbo zikaanza. Halafu katikati ya nyimbo nikasikia sauti ya Sifa.

"Geuka! Geuka, shemeji!"

Nikageuka haraka, upande wa chini wa mto. Na upande huo, jamani, kulikuwa kunakuja safu ya wanawake wenye vyungu vichwani! Nikageuka upande wa juu wa mto. Safu nyingine! Mteremkoni ndiko wanakotoka wengine. Wote wamevaa nguo za mwale, kila mmoja sawa na mwenzake, wote wamejipaka udongo mweupe usoni kwa ajili ya sherehe. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo mtu mwenye akili angeligundua tangu asubuhi. Sura ya mama mkwe siijui! Siku nyingine ningemkwepa kwa nguo yake, ile ya maua mekundu ambayo Feza alinisimulia. Leo nguo ya maua imetundikwa langoni pamoja na kanzu yangu. Ni yupi nisimwangalie? Utamkwepa vipi mtu usiyemjua, aliyevaa kama wote?

"Geuka!" Sifa tena. Nageuka wapi, Sifa?

Kichaka hakuna. Mto umekauka pembeni, mchanga mtupu mpaka majini. Nikalikumbuka furushi la Feza, liko mlangoni kwa baba yake limefungwa. Nikaona mtumbwi. Sikufikiri, na sitawadanganya kwamba nilifikiri. Niliruka ndani, nikalala chali, nikajifunika jamvi.

Nilitulia mule nikajipongeza. Uso wa mtu sijaona hata mmoja, nimeona udongo mweupe tu, tena kwa mbali. Watapita, watarudi juu, nitatoka.

Hawakupita. Walisimama.

"Shemeji iko wapi?" Sauti ya Ngongo.

"Amesikia 'geuka', amekimbia kule mbali," Sifa akajibu. "Iko na adabu sana ule."

"Haya, tuvute!"

Wakavuta. Mtumbwi ukaanza kutambaa juu ya magogo, mgongo wangu ukiyahesabu moja moja. Mtu akauliza mbona mtumbwi umekuwa mzito kuliko jana, Ngongo akasema mti umekunywa umande. Mnauliza kwa nini sikupiga kelele. Ningepigaje? Karibu kabisa na sikio langu, kwa nje, nilisikia sauti ninayoijua vizuri ikisema, "Vuteni polepole, mutapasua." Mama mkwe. Na mkwe hasemi mbele ya mama mkwe. Kuinuka siwezi, nitamwona. Kusema siwezi, atanisikia. Nililala tu, kwa heshima.

Wakafika ukingoni mwa maji. Ngoma zikanyamaza, Mzee Kasimbi akasafisha koo.

"Mama Feza," akasema. "Kiangazi chote unaniuliza mutumbwi wa kupeleka vyungu sokoni. Unaniuliza asubuhi, unaniuliza usiku. Njo huu. Ingia, ukae."

Papo hapo nilijua kila kitu, lakini kujua hakukunisaidia.

Mtumbwi uliyumba. Mguu mmoja ukaingia, wa pili ukafuata. Na mama mkwe wangu, mfinyanzi mkuu wa ukoo ule, mwanamke mwenye afya, Mungu ampe zaidi, akakaa. Alinikalia tumboni. Pumzi niliyokuwa nayo ilitoka yote, lakini ilitoka kimya, na hilo mniwekee kwenye mema yangu. Halafu wakaanza kumpangia vyungu vyake vipya, vile vidogo mbele, vile vikubwa juu ya miguu yangu. Sidhani kama kuna mkwe aliyewahi kuwa karibu hivyo na mama mkwe wake tangu watu waanze kuoana.

Wakatusukuma majini. Vigelegele! Ngoma! Mama akachukua kafi, akapiga maji, tukaondoka ukingoni. Kwa kitambo mambo yalikwenda vizuri, kwa yule aliyekuwa juu. Kisha akaacha kupiga kafi.

"Baba Feza," akaita. "Hii mutumbwi inapumua."

"Iko mupya," mzee akajibu kutoka ukingoni. "Utatulia."

"Nakuambia inapumua. Inapanda, inashuka."

"Njo maji hiyo, mama."

"Maji iko na mbavu?"

Nikazuia pumzi. Nilizuia kwa nguvu zangu zote, na ningefaulu, kama si yale masizi. Masizi yalikuwa puani tangu asubuhi. Nikapiga chafya.

Si chafya ya mtu mwenye adabu. Ilikuwa chafya ya mtu aliyebanwa tumbo, imetafuta njia moja tu ya kutokea. Jamvi liliruka. Vyungu vikagongana. Vigelegele vikakatika hapo hapo, na ukingoni mtu akapiga yowe: "Muti haijakufa! Muti iko muzima!" Nikasikia miguu inakimbia mchangani. Feza ananiambia wale wazee waliokata ule mti ndio waliotangulia.

Mama mkwe hakukimbia. Angekimbilia wapi? Alishika pembe ya jamvi, akalifunua. Mimi nilikuwa nimefumba macho, nimeyafumba mpaka yanauma, lakini yeye hakujua. Alichoona ni kichwa cha masizi kwenye jamvi lake, na pembeni mkono wenye subana kidoleni. Duniani kote yuko mtu mmoja tu ambaye Feza alimsimulia mama yake habari zake, kwamba halali bila subana.

Kwa hapo nampa haki yake. Mwanamke mwingine angenipiga kafi. Yeye alichukua chungu kilichokuwa mapajani mwake na kunivika kichwani mpaka mabegani, pap!

"Sifaaa!" akaita. "Mukwe wangu iko ndani ya mutumbwi! Nimemufunika!"

Ngongo akaogelea, akatuvuta mpaka ukingoni. Nikashushwa. Nikasimama mchangani nimevaa nguo ya mwale na chungu. Watu walikuwa wanarudi mmoja mmoja, nilisikia miguu yao. Halafu nikasikia kicheko, kikaanzia kwa mmoja, kikashika wote, mpaka ngoma ikaangushwa. Chungu sikukivua. Ningethubutu vipi? Mama alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale nilipo, na upande gani sijui.

Mzee Kasimbi hakucheka. Au kama alicheka, alicheka kimya. Akaita kesi pale pale. Kwa kuwa mimi na mama hatusemezani, kila neno lilipita kwa Sifa. Mimi namnong'oneza Sifa, lakini ndani ya chungu mnong'ono unatoka kama hotuba. Kila mtu alisikia, kisha Sifa akarudia, ili desturi iwe imefuatwa.

"Umuulize: alimuona mama uso?"

"Sikumwona," nikanguruma.

"Anasema hakumuona," Sifa akasema.

"Sasa aliona nini?"

Nikajifanya sijasikia. Mzee akauliza tena. Nikasema mgongo.

"Anasema mugongo."

"Mugongo tu?"

"Na... pale mgongo unapoishia."

Sifa hakurudia. Hakuhitaji. Walisikia mpaka ng'ambo, nafikiri.

"Na wewe, mama," mzee akasema baada ya utulivu kurudi, "ulimuona mukwe uso?"

"Mi niliona masizi," mama akajibu. "Chini ya masizi sijui iko nani."

Mkiniuliza, hapo nilianza kumpenda yule mama.

Mzee akanyamaza, anafikiri. Na kimya chake, jamani, ndicho kilichoniuma kuliko vicheko. Mle gizani ndani ya chungu nilikuwa naliona lile furushi mlangoni, naliona linafunguliwa, nguo za mtoto zinarudishwa ndani, mvua inakuja, mvua inakwisha, mtoto anaota meno, anatambaa, anamwita mtu mwingine baba. Machozi yalinitoka. Hakuna aliyeyaona, na hiyo ndiyo faida pekee ya chungu.

Nikasikia mtoto analia. Feza ameshuka naye, na kuona chungu chenye miguu kumemshinda mtoto. Sikufikiri tena (mnaona ugonjwa wangu). Nikasema, "Nyamaza, mama. Nyamaza, ni baba."

Akanyamaza. Ghafla, kama amekatwa. Feza anasema alitoa macho na kukisikiliza chungu. Kwa hiyo neno la kwanza mwanangu kulisikia kwa baba yake lilitoka ndani ya chungu cha bibi yake, na naona ataniamini daima kwa sauti hiyo tu.

"Basi," Mzee Kasimbi akasema. "Uso haukuonwa. Wa aliyekaliwa haukuonwa, wa aliyekalia haukuonwa. Aibu haikuingia. Achukue muke yake na mutoto."

Nikaanza kupiga magoti na chungu changu. Ngongo akakohoa.

"Baba, na mutumbwi? Wa kwanza kukaa njo mwenyewe. Wa kwanza njo shemeji."

Kelele zikaanza. Mmoja akasema mimi sikukaa, nililala. Mwingine akasema kulala ni kukaa kwa muda mrefu. Wakabishana hivyo, watu wazima, juu ya tumbo langu. Mwisho mzee akakata: mtumbwi ni wa mkwe, desturi ni desturi.

"Na vyungu yangu itaenda sokoni na mabega ya nani?" mama akauliza.

"Mwenye mutumbwi atapeleka," mzee akasema. "Kila siku ya soko. Yeye anakaa mbele, anaangalia mbele. Wewe unakaa nyuma. Nyuso hazionani."

"Nimekubali," mama akasema. Alikubali haraka mno. Mpaka sasa nashangaa kama masizi yale yalimzuia kweli kunitambua, au alikuwa ameshaanza kupiga hesabu za kafi.

Tukaondoka jioni hii hii. Mimi mbele na kafi ambalo sijawahi kulishika maishani. Feza katikati na mtoto na furushi. Vyungu. Na nyuma kabisa mama mkwe, anayeshika njia. Chungu walinivua tulipokuwa tumeshakaa, Sifa akinishika shingo nisigeuke. Na njia nzima, jamani, njia nzima:

"Feza, umuambie mume yako, anapiga maji kama anafua nguo."

"Feza, umuambie, Kindu iko kushoto."

"Feza, umuambie apumue. Leo mchana alijua kupumua."

Kujibu siwezi. Kugeuka siwezi. Katikati ya mto ndipo nilipokumbuka kanzu. Bado iko mtini kule, na hariri yake shingoni, kati ya matambara. Ningemwomba nani turudi? Nikaendelea kufua maji.

Kivukoni mnajua. Asani alikuwa na sabuni machoni, na bado akaniona. "Fundi! Kanzu iko wapi?" Watu wote wakageuka. Lakini niseme ukweli, nami naona haya kuusema: hii nguo ya mwale, isiyo na mshono, imevutwa juu ya magogo, imekaliwa, imeloa, imepigiwa chafya, na haijaachia hata uzi. Kanzu yangu ingekuwa imenivua mbele ya ukoo kabla sijafika majini. Nimeikagua hapa nilipokaa. Bado sijui wanafanyaje.

Na sasa mnaona kwa nini bado nimeivaa, na kwa nini niko hapa nje kwenye baraza yangu na masizi yangu, wakati mke wangu yuko ndani, mtoto yuko ndani, maji ya moto yako ndani. Kesho ni siku ya soko. Ndiyo maana mama mkwe amelala kwangu.

Kwa hiyo chekeni, siwakatazi, ila kwa chini chini. Mtoto amelala. Akiamka, bibi yake atatoka nje kuuliza ni nani wanaopiga kelele, na hapa barazani sioni mtumbwi hata mmoja.